Kipi Kimeshuka, Nyumba au Ardhi? Rada za Angani Juu ya Miji ya Udongo Ulioganda

Mwaka 1828 Fyodor Shergin, msimamizi wa ofisi ya Kampuni ya Urusi na Amerika mjini Yakutsk, Siberia, alianza kuchimba kisima. Alichotaka ni maji tu. Aliyewahi kuchimbisha kisima anazijua ahadi zake: maji yako mita kumi, ukifika kumi unaambiwa kumi na tano, ukifika kumi na tano unaambiwa bado kidogo. "Bado kidogo" ya Shergin ilichukua miaka tisa. Alipoacha mwaka 1837 alikuwa amefika mita 116 na ushee, na udongo wa chini kabisa ulikuwa bado umeganda kama jiwe. Tone la maji hakuliona. Katika miaka ya 1840 mtafiti Alexander von Middendorff alishusha vipimajoto ndani ya shimo hilo, na kisima kikavu kikaingia katika historia ya sayansi kama mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo ardhi inayobaki imeganda kiangazi na masika ilipimwa kwa namba badala ya kusimuliwa.

Juu ya udongo huo leo kuna jiji. Yakutsk ina wakazi zaidi ya 350,000, maghorofa, chuo kikuu, na taasisi nzima ya utafiti, Taasisi ya Melnikov, iliyoanzishwa kwa ajili ya kuisoma ardhi iliyoganda. Mbali huko kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Mstari wa Aktiki, kuna Norilsk, mji wa nikeli na paladiamu wenye watu zaidi ya 170,000. Na juu ya miji yote miwili, kilomita karibu 700 angani, hupita satelaiti za rada zinazoweza kueleza kama mtaa fulani umezama, na kwa milimita ngapi.

Ramani zinazotokana na kazi hiyo hupendeza macho. Mji mzima umenyunyiziwa vidoa vya kijani, njano na nyekundu. Kijani kimetulia, nyekundu kinazama. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyozisoma, na hapo ndipo shida inapoanza. Katika mji uliojengwa juu ya barafu, kidoa chekundu kinaweza kuwa na maana nne au tano zisizofanana, na kidoa cha kijani kinaweza kufunika msiba. Ili tuelewe kwa nini, inabidi tuanze chini, kwenye udongo, ndipo tupande angani.

Friza yenye mji juu yake

Pemafrosti, kwa maana wanayoitumia wataalamu, ni ardhi yoyote iliyokaa kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Maana hiyo haitaji barafu. Mwamba mkavu wenye nyuzi 3 chini ya sifuri ni pemafrosti, na hata ukipata joto nyumba iliyo juu yake itakaa palepale. Balaa liko kwenye udongo uliobeba barafu nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya chembe zake.

Fikiria friza ya muuza samaki. Umeme ukiwepo, ndoo ya samaki na maji yaliyoganda ni tofali. Unaweza kupanda juu yake ukasimama. Umeme ukikatika siku mbili, una samaki waliolala chini ya ndoo na maji yaliyoelea juu yao. Samaki ni walewale, ila hawafiki tena ukingoni. Maji yakipata njia ya kutoka, ndoo inabaki nusu.

Sehemu za Siberia ya mashariki zina udongo wa namna hiyo kwa mita makumi kwenda chini, ukiwa umekatwakatwa na kabari nene za barafu tupu. Wasakha, wenyeji wa huko wanaofuga ng'ombe na farasi, wanayajua matokeo yake tangu zamani: barafu ikiyeyuka, kipande cha msitu hudidimia na kuacha bonde la mviringo lenye nyasi, mara nyingi na ziwa katikati. Wanaliita alaas. Wanajiolojia wa dunia nzima walilichukua neno hilo kutoka kwao, na walifanya vizuri.

Halafu kuna pumzi ya kila mwaka, jambo ambalo wasomaji wengi wa ramani hizi hulisahau. Tabaka la juu la ardhi, la nusu mita mahali pengine na mita mbili au zaidi kwingineko, huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Likiyeyuka, uso wa ardhi hushuka. Likiganda, hupanda, kwa sababu maji yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa asilimia kama 9. Kupanda na kushuka huku si hatari wala si habari. Kwenye tambarare za kaskazini mwa Alaska, watafiti waliotumia picha za rada za satelaiti za ERS walikuta ardhi ikishuka sentimita 1 hadi 4 kila kiangazi. Chini ya pumzi hiyo walikuta mwendo mwingine wa polepole: sentimita 1 hadi 4 kwa muongo mzima. Namba ni zilezile. Moja ni ya miezi michache, nyingine ya miaka kumi. Anayelinganisha picha ya Juni na ya Septemba atatangaza janga ambalo halipo. Anayelinganisha ya Septemba na ya Mei atawaambia watu kwamba mji wao unaota kama uyoga.

Sasa weka nyumba juu ya ardhi hiyo. Nyumba ya Siberia isiyopashwa joto haikaliki, na joto hilo hushuka chini pia. Nyumba za mbao za zamani mjini Yakutsk, zilizoinama na kuzama hadi madirisha yakakaribia barabara, zilijiyeyushia ardhi yake zenyewe, kabla mtu yeyote hajazungumzia mabadiliko ya tabianchi.

Jibu la wahandisi lilikomaa Norilsk, mji ulioanza mwaka 1935 kama kambi ya kazi za kulazimishwa ya Gulag. Mikhail Kim, mhandisi aliyefikishwa huko akiwa mfungwa, ndiye anayetajwa zaidi katika kuimarisha njia iliyokuja kuenea kaskazini kote. Choronga shimo ndani ya ardhi iliyoganda, simamisha nguzo ya zege, jaza tope pembeni, kisha acha baridi ifanye kazi ya saruji. Ghorofa hukaa juu ya nguzo hizo likiwa limeinuliwa kutoka ardhini, na upepo wa baridi hupita chini yake ukiipoza ardhi. Aliyekulia karibu na kihenge kilichoinuliwa juu ya miti ataielewa hekima hiyo haraka, ingawa kihenge kinakimbia panya na unyevu, nacho kile cha Norilsk kinaikimbiza ardhi isionje joto la sebuleni. Kim alipewa Tuzo ya Lenin mwaka 1966.

Nguvu ya njia hii ndiyo udhaifu wake. Nguzo nyingi hazikukanyaga mwamba. Zimeshikwa na barafu ubavuni, na mshiko huo hulegea joto linapopanda, hata kabla barafu haijayeyuka. Udongo wenye nyuzi 4 chini ya sifuri huishika nguzo kwa nguvu kubwa kuliko udongo uleule ukiwa na nusu nyuzi chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba ardhi inaweza kupanda joto kutoka nyuzi −4 hadi −1 bila tone moja kuyeyuka. Uso haujashuka, satelaiti haina cha kuona, ramani ni ya kijani kibichi, na bado nguzo zimepoteza sehemu nzuri ya uwezo wao wa kubeba. Wala hilo si la kufikirika tu: vipimajoto vilivyoshushwa kwenye mashimo marefu duniani vilionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2016 pemafrosti ilipata joto kwa wastani wa nyuzi 0.29. Kwa friza iliyo kwenye −10 hiyo ni kelele. Kwa friza iliyo kwenye −1, ni jambo jingine kabisa.

Na mji una njia zake za kujiharibia. Bomba la maji ya moto linalovuja chini ya jengo. Theluji iliyosombwa barabarani na kurundikwa ukutani, ikawa blanketi linalozuia baridi isiingie ardhini. Uwazi wa chini ya nyumba uliozibwa na takataka au barafu ya maji machafu. Chumvi, ambayo hushusha kiwango cha kuganda. Mabadiliko ya tabianchi ni ya kweli na yanaendelea, ila mara nyingine fundi bomba mvivu humtangulia.

Mabishano hayo yalisikika dunia nzima tarehe 29 Mei 2020. Nguzo zilizobeba tangi la dizeli la kituo cha umeme karibu na Norilsk zilishindwa, tangi likapasuka, na zaidi ya tani 20,000 za dizeli zikamwagika, nyingi zikaishia kwenye mito ya Daldykan na Ambarnaya. Kampuni ya Norilsk Nickel, ambayo kampuni yake tanzu ndiyo iliyomiliki tangi, ilielekeza kidole kwenye pemafrosti inayoyeyuka. Wakaguzi wa serikali baadaye walitaja kasoro za usanifu na ujenzi wa msingi. Mahakama iliamuru fidia ya ruble bilioni 146 hivi, karibu dola bilioni 2, na mwezi Februari 2021 uamuzi huo ulitolewa bila kumaliza mjadala wa kihandisi: ardhi iliiangusha nguzo, au nguzo haikujengwa kuistahimili ardhi? Picha za satelaiti zilizoenea wakati ule, zile za mito iliyogeuka rangi ya damu, zilikuwa picha za kawaida za mwanga. Zilionyesha matokeo. Swali lililobaki ni kama rada ingeweza kuonyesha kitu kabla.

Saa isiyo na mshale mfupi

Kamera ya angani haina kazi kubwa Norilsk. Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa, na kukiwa na mwanga kuna mawingu. Rada hujimulikia yenyewe: hutuma wimbi la redio, husubiri mwangwi, na wimbi hilo hupenya mawingu na giza bila kujali.

Satelaiti zinazotumika zaidi ni za familia ya Sentinel-1 ya Ulaya, kwa sababu data zake ni bure. Ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.5 hivi, na satelaiti hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12. Kila pikseli ya picha yake hubeba vitu viwili. Kimoja ni ukali wa mwangwi, ndio unaotengeneza picha ya kijivu tunayoiona. Cha pili ni awamu, yaani wimbi lilikuwa limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake lilipopokelewa.

Awamu ifikirie kama saa ya ukutani iliyong'olewa mshale mfupi. Inakuambia dakika, haikuambii saa. Picha moja peke yake haina maana; mshale uko kwenye dakika ya 20, basi. Lakini siku 12 baadaye satelaiti ikirudi karibu na njia ileile na kukuta mshale wa pikseli hiyo uko kwenye dakika ya 22, kitu fulani kimebadilika katika umbali kati ya satelaiti na ardhi. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mzunguko mzima wa mshale ni nusu ya urefu wa wimbi, karibu milimita 28. Dakika mbili ni kiasi cha milimita moja. Hapo ndipo uwezo huo wa ajabu unapotoka, wa kupima milimita ukiwa kilomita 700 juu: rada haipimi umbali wote kwa usahihi huo, inapima tofauti ya mshale tu.

Ugunduzi huu haukuanzia kwenye barafu. Ulipata umaarufu baada ya tetemeko la Landers, California, mwaka 1992, pale wanasayansi walipochapisha mwaka uliofuata picha ya ardhi iliyosogea ikiwa na mikanda ya rangi kama mafuta yaliyoelea juu ya maji. Na sisi Afrika Mashariki tumo katika simulizi hii. Ni njia hiyohiyo iliyoonyesha kwamba mlima Paka, volkano ya kaskazini mwa Kenya iliyodhaniwa kulala, uliinuka karibu sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, na kwamba Longonot nao uliinuka sentimita kama 9 miaka michache kabla, bila mchungaji yeyote kuhisi kitu miguuni.

Mji, kwa rada, ni zawadi. Msitu hutikisika, majani hukua, theluji huanguka, na mshale huchanganyikiwa. Kona ya ukuta wa zege au nguzo ya chuma hurudisha mwangwi uleule mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Alessandro Ferretti, Claudio Prati na Fabio Rocca wa Politecnico di Milano walionyesha kwamba ukizichuja pikseli hizo zisizobadilika kutoka kwenye rundo la picha makumi, unaweza kufuatilia kila moja kama vile umeifunga timazi. Vidoa vile vya rangi kwenye ramani ndivyo hivyo.

Kidoa kinasema nini hasa

Na hapa tunarudi Norilsk na swali letu. Kidoa kimewekwa juu ya ghorofa. Ghorofa liko juu ya nguzo. Nguzo zimeingia mita nyingi ndani ya ardhi iliyoganda, chini ya tabaka linalopumua. Ardhi iliyo kati ya nguzo inaweza kushuka sentimita kumi, bomba zikakatika, ngazi ya mlangoni ikabaki inaning'inia, lakini kona ya paa inayorudisha mwangwi haikusogea. Rada imepima kweli. Imepima paa.

Kinyume chake pia hutokea. Barabara, reli, uwanja wa ndege na mabomba yaliyolazwa ardhini husogea pamoja na tabaka la juu, basi huonekana vikizama na kupanda kila mwaka hata kama chini pako salama. Msomaji asiyejua kidoa kipi kimekaa juu ya nguzo na kipi juu ya udongo anasoma kitabu ambacho nusu ya maneno yake yamebadilishana maana. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika fani hii, na dawa yake haiko angani. Iko kwenye kabati la ofisi ya mipango miji, kwenye michoro ya misingi.

Baridi yenyewe huongeza fitina. Zege na chuma hunywea kwenye baridi na kutanuka kwenye joto. Chukua jengo la mita 27, ghorofa tisa, na tofauti ya nyuzi 60 kati ya Januari na Julai, ambayo Siberia si jambo la kustaajabisha. Ingekuwa zege lote linafuata joto la nje, paa lingepanda na kushuka kwa kiasi cha sentimita 2 kila mwaka, bila msingi kusogea hata chembe. Ndani ya nyumba kunapashwa joto, kwa hiyo kiasi halisi ni kidogo zaidi. Chimni, daraja au tangi la chuma halina bahati hiyo. Wachambuzi wazuri huiondoa athari hii kwa kulinganisha mwendo wa kidoa na kumbukumbu za joto la hewa: kinachofuata kipimajoto huwekwa kando, kinachobaki ndicho cha kuulizwa. Wachambuzi wa haraka huiacha humo humo.

Theluji ndiyo inayokula data nyingi zaidi. Theluji kavu huchelewesha wimbi, theluji inayoyeyuka hulimeza. Kwa hiyo kwa miezi mingi ya mwaka ardhi ya wazi haipimiki, na mfululizo wa picha una pengo kila baridi. Katika pengo hilo mshale unaweza kuzunguka mzunguko mzima na kurudi palepale, nasi tusijue. Saa yetu haina mshale mfupi: ardhi iliyoshuka milimita 28 na ardhi isiyoshuka kabisa husomeka sawa, isipokuwa jirani zake zitusaidie kukisia. Utaratibu unaokubalika ni kulinganisha mwisho wa kiangazi na mwisho wa kiangazi, Septemba na Septemba, wakati tabaka la juu limeyeyuka kwa kina chake chote. Pumzi ya mwaka hujifuta, unabaki mteremko wa kudumu. Hata hivyo kiangazi kimoja kikiwa cha joto kali au cha mvua nyingi, mwaka mmoja pekee hautoshi kutoa hukumu.

Halafu kuna jambo linaloonekana dogo. Vipimo hivi vyote ni vya ulinganisho: kidoa kimeshuka kuliko kitu gani? Jijini kwa kawaida huchaguliwa sehemu moja inayoaminika kuwa imara, na mengine yote hupimwa dhidi yake. Katika mji ambao wote umekaa juu ya barafu, imara ni nani? Ukichagua jengo linalozama milimita 5 kwa mwaka kuwa kipimo chako, mtaa uliotulia utaonekana unapaa. Panapokuwa na mwamba uliojitokeza juu ya ardhi tatizo linaisha. Yakutsk, iliyolala kwenye bonde pana la mchanga na tope la mto Lena, haina anasa hiyo karibu. Hapo unategemea jengo lenye msingi mrefu na historia nzuri, au kituo cha GPS kilichosimikwa kwenye nguzo ndefu.

Hata ramani ya milima na mabonde inayohitajika kusafisha hesabu ina hadithi yake. Ile iliyopatikana kwa chombo cha anga cha Marekani, Shuttle, mwaka 2000, inayotumika karibu kila mahali kuanzia Mwanza hadi Manila, inaishia latitudo ya 60 kaskazini. Yakutsk na Norilsk ziko nje ya ukurasa. Kwa miaka mingi watafiti wa Aktiki walikuwa wakiokoteza ramani za zamani za Kisovieti, hadi zilipopatikana za karibuni kama ArcticDEM.

Urefu wa wimbi nao ni uamuzi wa kuchagua hasara. Wimbi fupi, kama lile la sentimita 3 la satelaiti ya Kijerumani TerraSAR-X, huona undani wa jengo mojamoja lakini huchanganyikiwa na nyasi. Wimbi refu la sentimita 24, la satelaiti za Japani za ALOS na sasa la NISAR, chombo cha Marekani na India kilichorushwa tarehe 30 Julai 2025, hupenya vichaka na hustahimili mabadiliko madogo ya uso, basi linafaa zaidi nje ya mji, kwenye alaas na misitu iliyoungua. Lakini karibu na ncha ya dunia tabaka la hewa lenye chaji za umeme, lilelile linalocheza mianga ya rangi usiku, hulipinda wimbi refu zaidi kuliko fupi. Hakuna satelaiti moja ya kuoa.

Je, tangi lingeonekana?

Turudi Mei 2020. Baada ya kila ajali siku hizi hujitokeza mtu na mchoro unaoonyesha kwamba satelaiti "ilijua". Mfano unaofundisha zaidi hautoki kwenye barafu bali Genoa, Italia, ambako daraja la Morandi liliporomoka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Mwaka uliofuata kundi moja la watafiti lilichapisha makala likisema data za rada zilionyesha mwendo usio wa kawaida kabla ya kuporomoka. Mwaka 2020 kundi jingine lilichambua data za rada za daraja hilohilo na kusema halioni dalili hiyo. Satelaiti zilezile, daraja lilelile. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuchuja, kulainisha na kuamua kidoa kipi ni cha daraja.

Tangi la Norilsk lingekuwa gumu zaidi. Ni chuma kinachotanuka, hujazwa na kupunguzwa, na msingi wake hulemewa na kupunguziwa mzigo huo kila mara. Zaidi ya yote, nguzo iliyolegea mshiko si lazima ishuke taratibu miaka mitano ikitoa taarifa. Inaweza kustahimili, ikastahimili, kisha ikaachia. Mimi siamini rada peke yake ingepiga kengele. Ingeweza kusema eneo hili lina mwendo usioeleweka, pelekeni mtu aangalie, na hilo lingekuwa tayari jambo kubwa.

Mtu huyo akienda, anapeleka nini? Kwanza kipimajoto. Shimo lililochorongwa mita 10 au 15 lenye mnyororo wa vihisi joto hujibu lile ambalo angani haliulizwi: ardhi imebakiza nyuzi ngapi kabla ya sifuri? Urusi baada ya ajali ile iliamua kujenga mtandao wa kitaifa wa mashimo ya namna hiyo chini ya idara yake ya hali ya hewa, Roshydromet. Pili, fimbo. Katika delta ya mto Lena watafiti walisimika fimbo za faibaglasi ndani kabisa ya ardhi iliyoganda, zisizopanda wala kushuka na tabaka la juu, wakapima uso wa ardhi ukiteleza juu na chini kando yake, kisha wakalinganisha na rada. Rada ilikuwa imepunguza: mwendo halisi ulikuwa mkubwa kuliko ilioripoti. Si kosa la chombo. Pikseli moja hupata wastani wa sehemu kavu na sehemu tope, na iliyojaa tope, ambayo hushuka zaidi, ndiyo hupotea mwangwi wake kwanza.

Uzito wa haya yote unaonekana ukihesabu watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kufikia katikati ya karne hii karibu watu milioni 4, na asilimia kama 70 ya miundombinu iliyopo kwenye eneo la pemafrosti, watakuwa mahali ambapo ardhi ya juu inaweza kuyeyuka. Hakuna serikali itakayochoronga mashimo chini ya kila nyumba. Rada ndiyo inayoweza kupita mitaa yote kwa siku moja na kusema tuanzie wapi, na katika kupanga foleni hiyo haina mpinzani.

Nani anaisoma foleni, hilo ni suala jingine. Norway ilifungua ramani yake ya rada kwa umma mwaka 2018. Mwenye nyumba wa huko anabofya paa lake na kuona limesogea vipi. Norilsk imefungwa kwa wageni tangu mwaka 2001, na kibali cha kuingia si cha kuombwa leo ukapata kesho. Lakini satelaiti haiombi kibali. Picha zake zinaweza kushushwa na mwanafunzi aliyeko Dodoma mwenye kompyuta na subira, naye akajua kuhusu jengo fulani la Norilsk kitu ambacho anayelala ghorofa ya nne huenda hajaambiwa.

Mkazi huyo ana chombo chake. Ukitokea ufa ukutani, mafundi wa Urusi hubandika juu yake kipande chembamba cha jasi na kuandika tarehe. Wanakiita mayak, mnara wa taa. Jasi ikipasuka, pande mbili za ufa zimeachana. Nacho kinapima kile hasa kinachovunja nyumba, kwa kuwa jengo likishuka lote kwa usawa sentimita tatu mlango bado unafungwa. Kona moja ikishuka na nyingine ikabaki, zege hukatika. Ndiyo sababu wachambuzi makini wa rada siku hizi hawaangalii tena rangi ya kidoa kimoja juu ya jengo. Wanachukua vidoa viwili vya jengo hilohilo, kimoja kila pembe, na kutoa kimoja kwa kingine. Kosa la sehemu ya kulinganishia, joto na pumzi ya mwaka vilivyovipata vyote viwili kwa pamoja hujifuta kwa sehemu kubwa, unabaki mwinamo. Baadaye mtu anapanda ngazi na tochi kutafuta jasi iliyoandikwa mwaka gani, na kama bado nzima.